Mjumbe Mwaminifu: Nani Anafaa Kugombea Uongozi wa Wanafunzi?

(Hotuba iliyosomwa na mwalimu wa madrasa mbele ya wanafunzi wa shule moja ya sekondari ya bweni mkoani Tanga, siku chache kabla ya uchaguzi wa serikali ya wanafunzi.)



Shukrani zote njema zinamstahikia Allah (s.w), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Mheshimiwa Mkuu wa Shule, waheshimiwa walimu, wadogo zangu wanafunzi. Naona humu ukumbini wamo pia wanafunzi ambao si Waislamu. Nawakaribisha kwa moyo mkunjufu, na naomba mjue mapema kuwa maneno niliyokuja nayo jioni hii yanawahusu ninyi kama yanavyowahusu wenzenu, kwa sababu sufuria la maharage mnalopakuliwa ni moja.

Viongozi wa jumuiya ya wanafunzi Waislamu wa shule hii waliniomba nizungumzie sifa za kiongozi bora. Nimewaomba radhi, nikawaambia nitaipunguza mada. Hotuba juu ya kiongozi bora ni nyingi, na aghalabu msemaji huzitaja sifa ishirini, moja baada ya nyingine, mpaka msikilizaji akakata tamaa kwa kuona mtu wa namna hiyo hayupo duniani. Mimi nataka kuzungumzia mgombea. Yaani yule kijana wa miaka kumi na sita au kumi na saba atakayesimama mbele yenu Ijumaa akiwa na karatasi mkononi, ambaye bado hajaongoza lolote, na ninyi mnatakiwa mumjue kabla hajaongoza. Hilo ni suala gumu kuliko lile la kwanza.

Tuanze na jambo ambalo wagombea wengi hawapendi kulitaja. Serikali ya wanafunzi kwa hakika si serikali. Waziri wa chakula wa wanafunzi hashiki fungu la fedha, haajiri mpishi, wala hachagui mfanyabiashara wa kuleta mahindi. Waziri wa taaluma hawezi kumwondoa mwalimu wala kumleta. Kaka mkuu na dada mkuu hawapunguzi ada hata shilingi moja. Mwenye mamlaka ni Mkuu wa Shule, na juu yake ipo bodi, na juu yao wote ipo wizara. Basi wanafunzi wanachagua nini?

Wanachagua mtu wa kwenda na kurudi. Analichukua neno la wenzake, analifikisha ofisini bila kulipunguza kwa woga wala kulizidisha kwa ujeuri. Kisha analichukua jibu la ofisi, analirudisha bwenini bila kulitia sukari wala kulitia pilipili. Kazi nyingine, kama kusimamia foleni ya chakula, zamu za usafi na kengele ya alfajiri, zina uzito wake, lakini nazo hazisimami ikiwa watu hawamwamini anayezisimamia. Kwa hiyo swali langu jioni hii ni moja tu: katika hawa wanaogombea, nani ni mjumbe?

Wazee wetu wamesema mjumbe hauawi. Usemi huu una sharti ambalo halitamkwi, nalo ni kuwa watu wamjue kweli kuwa ni mjumbe. Mwezi Mei mwaka 1999, nchini Kenya, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja wanne walifungiwa usiku chumbani mwao na wanafunzi wenzao, wakachomwa moto. Wote wanne walifariki. Sisemi haya kuhalalisha unyama ule. Kuua ni miongoni mwa madhambi makubwa kabisa, na waliotenda vile hawana udhuru mbele ya Mungu wala mbele ya watu. Wala sidai kuwa marehemu wale walimkosea yeyote. Nalitaja tukio hili kwa sababu viranja katika shule nyingi za wakati ule walikuwa wakiteuliwa na walimu, wakipewa vyumba vyao na ruhusa ya kuwaadhibu wenzao, na mwanafunzi wa kawaida hakuwaona kuwa ni wake. Aliwaona kuwa ni mkono wa ofisi uliolala bwenini. Wenzetu wa Kenya walilijadili suala hili kwa miaka mingi, na kuanzia mwaka 2009 serikali yao ikawa inahimiza mabaraza ya wanafunzi yanayopatikana kwa kura.

Linganisheni na tukio jingine la hapa kwetu. Mwezi Julai mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kiongozi wa wanafunzi alikuwa kijana aitwaye Symonds Akivaga, naye hakuwa Mtanzania bali Mkenya. Aliuandikia uongozi wa chuo barua ya wazi yenye malalamiko ya wenzake. Alifukuzwa, askari wakaja kumchukua, akarudishwa kwao. Wanafunzi wakasusia masomo wakidai arudishwe. Mtu anaweza kuubishia uamuzi wao ule, na mimi sikuja kuwafundisha kususia masomo, walimu wasije wakanitoa nje kabla sijamaliza. Ninachotaka mkione ni kwamba vijana wale hawakuuliza kijana huyu ni wa nchi gani wala wa kabila gani. Neno lao lilikuwa limefikishwa kama lilivyo, na aliyelifikisha ndiye aliyeondolewa.

Hapa mtu atasema: basi jawabu ni kura. Viranja wakichaguliwa na wanafunzi wenyewe, mambo yatanyooka. Ningependa iwe hivyo, lakini mimi mwenyewe nilichaguliwa kwa kura.

Mwaka 2005 nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Chakula chetu mnakijua, maana hakijabadilika sana: uji asubuhi, ugali na maharage mchana, ugali na maharage usiku, na makande siku ya Jumamosi. Niligombea uwaziri wa chakula. Nilisimama juu ya benchi bwaloni nikaahidi wali kila Ijumaa. Sikuwa nimemuuliza mpishi, sikuwa nimeingia stoo, wala sikuwa nimepiga hesabu yoyote. Nilijua tu kuwa neno wali likitamkwa mbele ya wanafunzi wenye njaa, mikono hupiga makofi yenyewe. Nilipata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote wa mwaka ule, na sitaficha kuwa nilijiona.

Baada ya kuapishwa nilikwenda kwa mkuu wa shule. Hakunifukuza. Alinikalisha kitini, akachukua karatasi, akaniuliza: wanafunzi mko wangapi? Nikasema mia nne. Akasema: haya, kila mmoja robo kilo ya mchele, hiyo ni kilo 100, gunia zima kwa mlo mmoja. Ijumaa nne kwa mwezi ni magunia manne. Sasa nionyeshe pa kuyatoa. Akanifunulia daftari la madeni, nikaona shule ilivyokuwa ikidaiwa na muuza mahindi. Kisha akanipa jibu ambalo leo naliona kuwa lilikuwa jema: wali kila Ijumaa hapana, lakini muhula ujao, ada zikilipwa vizuri, tutajaribu mara moja kwa mwezi.

Lau ningerudi bwaloni na jibu lile kama lilivyo, pamoja na hesabu ya yale magunia, wenzangu wangenung'unika siku mbili wakanyamaza. Sikurudi nalo. Nilipoingia bwaloni na nyuso zote zikanigeukia, ulimi ukawa mzito, nikasema: mkuu amekubali, tusubiri wiki mbili. Wakashangilia, nikabebwa juu juu. Wiki mbili zilipopita nikasema mchele umechelewa njiani. Wiki ya nne nikasema mhasibu amesafiri. Uongo, wadogo zangu, haukai peke yake. Ukimkaribisha mmoja usiku, asubuhi unaikuta jamaa yake yote nyumbani.

Ijumaa ya tano sahani zilirushwa. Vioo vya ofisi vilivunjwa, polisi wakaja, shule ikafungwa wiki mbili. Wanafunzi kumi na mmoja walisimamishwa masomo, na katika hao watatu hawakurudi tena. Mmoja wa hao watatu tulikuwa tukilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini. Mama yake alikuwa akichoma maandazi ili amlipie ada, na hakuwa na uwezo wa kumwanzishia shule nyingine. Na mimi? Mimi sikurusha sahani wala jiwe. Nilikuwa nimekaa msikitini nikitetemeka. Shule ilipofunguliwa, niliandikiwa barua ya pongezi kwa kutoshiriki katika vurugu.

Barua ile ninayo hadi leo.

Sasa niligusie suala la kisheria, kwa kuwa najua wapo humu vijana wenye dini ambao hawataki kugombea kwa kuogopa dhambi, na wakati huo huo wapo wasioogopa lolote. Imethibiti kuwa watu wawili waliofuatana na Abu Musa al-Ash'ari (r.a) walimwomba Mtume (s.a.w) awape uongozi, naye akawafahamisha kuwa kazi hiyo hapewi anayeiomba wala anayeikodolea macho. Pia Abu Dharr (r.a), aliyekuwa mkweli na mchamungu, aliambiwa kuwa yeye ni dhaifu kwa kazi hiyo na kuwa kazi hiyo ni amana. Nawaomba mzingatie suala hili la Abu Dharr. Alipendwa sana, na bado hakupewa. Kwa hiyo kumnyima rafiki yako kura si kumvunjia heshima, na rafiki mwenye akili hatakununia kwa jambo hilo. Uchamungu ni jambo moja, na uwezo wa kuibeba kazi fulani ni jambo jingine.

Upande wa pili tunaye Nabii Yusuf (a.s). Yeye aliomba. Alimwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, na kazi ile, kwa lugha ya shule zetu, ilikuwa ni uwaziri wa chakula. Tazameni alivyojieleza. Hakusema mimi ni mwana wa Yaaqub na mjukuu wa Is-haaq, ingawa nasaba hiyo hapana yenye heshima kuliko hiyo. Alitaja mambo mawili tu: kuwa anajua kuhifadhi, na kuwa ana elimu ya kazi yenyewe. Wanachuoni wengi wameziunganisha habari hizi mbili kwa kusema kuwa kinachokatazwa ni uroho wa cheo, ama mwenye uwezo akiona kazi itaharibika mikononi mwa wengine, hapana ubaya ajitokeze.

Lakini kuna jambo katika kisa hiki ambalo sikuliona hata nilipokihifadhi. Kabla hajapewa cheo chochote, Yusuf (a.s) alimfikishia mfalme habari mbaya. Hakusema kuwa wale ng'ombe waliokonda ni ishara njema, wala hakusema subirini wiki mbili. Alieleza kuwa ipo miaka saba ya shibe na nyuma yake ipo miaka saba ya ukame, na pamoja na habari hiyo akatoa mpango wa kuweka akiba. Mfalme hakuchukizwa. Alimwamini zaidi.

Shaykhul Islam Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, ameandika katika kitabu chake as-Siyaasa ash-Shar'iyya kuwa nguzo za madaraka ni mbili, nguvu na uaminifu, na kuwa ni nadra kuzikuta zote zimetimia kwa mtu mmoja. Kwa hiyo huangaliwa kazi yenyewe inahitaji lipi zaidi. Palipo na vita hutangulizwa mwenye nguvu na ushujaa, na palipo na mali ya kuhifadhiwa hutangulizwa mwaminifu. Maneno haya yanafaa hata kwa karatasi yenu ya kura. Kwa nafasi ya chakula mtafute mwaminifu, hata kama ni mpole na hotuba yake haina mvuto. Kwa nafasi ya kaka mkuu na dada mkuu mtafute yule ambaye magoti hayatamgonga akiingia ofisini. Msichague wote kwa mizani moja.

Mtaniuliza: tutamjuaje mwaminifu na hajawahi kupewa kitu? Si kweli kuwa hajapewa kitu. Mmekaa naye miaka miwili au mitatu. Nani kati ya wagombea hawa aliwahi kuwa kiranja wa darasa na kupewa kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele? Ikumbukeni orodha yake. Je, majina ya marafiki zake yalikuwemo? Je, alikuwa akifuta jina kwa kupewa andazi? Je, aliwahi kuliandika jina la mtu aliyekuwa kimya kwa sababu waligombana siku iliyopita? Karatasi ile ndogo iliyopelekwa kwa mwalimu wa zamu ilikuwa ni ripoti yake ya kwanza katika maisha, na aghalabu ripoti zake zitakazofuata zitafanana nayo.

Mkumbukeni pia kwenye foleni ya maji. Maji yanapokuwa haba, na ndoo mia zimepangwa bombani, nani huisogeza ndoo yake mbele giza likiingia? Mtazameni anavyoazima kitabu na siku anayokirudisha. Mtazameni anapofikisha salamu: ukimtuma kwa mtu, hurudi na jibu, au hukuambia sikumkuta na kumbe hakwenda? Haya ni mambo madogo, na mtu wa miaka kumi na saba hana mengine makubwa ya kutazamwa.

Wapo wagombea watakaohutubia kwa Kiingereza kizuri sana Ijumaa, na mtawapigia makofi, na mimi siwazuii. Ufasaha ni neema. Ila nawaombeni mkirudi bwenini mkae chini mjiulize alisema nini. Ama wale wanaogawa pipi, biskuti na soda usiku wa kuamkia kura, sina maneno mengi juu yao. Rushwa ni rushwa hata ikiwa imefungwa kwa karatasi ya rangi, na anayenunua kura yako leo atairudisha hela yake kutoka kwenye sahani yako.

Kabla sijasimama hapa, mmoja wenu amenipa kikaratasi. Kimeandikwa: Ustadh, waambie ndugu zetu wampigie kura Muislamu mwenzetu. Nimekisoma, na aliyekiandika simjui na wala sitamtafuta. Najua ametia nia njema. Lakini sitasema hivyo, na ni vema nieleze kwa nini.

Nilisoma Khartoum kwa miaka kadhaa, katika mji ule ambao tangu Aprili 2023 umebomolewa na vita, Allah awape faraja watu wake. Katika vyuo vya Sudan uchaguzi wa wanafunzi ulikuwa ni mashindano ya vyama vya siasa vya nchi. Mgombea alikuja ndani ya orodha ya chama chake. Niliwauliza wenzangu wa Kisudani nani anagombea, wakanitajia orodha. Nikauliza je, huyu mtu mwenyewe mnamjua, wakacheka. Sikuipenda hali ile. Mtu akichaguliwa kwa jina la kundi, anapofika ofisini hulifikisha neno la kundi, na wasiokuwa wa kundi hilo hawana mjumbe tena. Kwetu sisi kundi laweza kuwa ni dini, laweza kuwa ni kabila, laweza kuwa ni bweni. Nimeona shule ambayo bweni moja lilitawala miaka mitatu mfululizo kwa kuwa tu lilikuwa na vitanda vingi.

Naelewa kuwa mna haja zenu kama Waislamu. Kipindi cha mwisho cha Ijumaa hugongana na swala. Ramadhani inapokuja kuna suala la daku na futari. Ni haja za haki, na ni wajibu zifikishwe. Lakini mjiulize nani ataifikisha haja hiyo ikasikilizwa. Je, ni yule aliyechaguliwa kwa ajili ya jina lake, ambaye ofisi inamwona ni wakili wa upande mmoja na wenzenu wanamwona si wao? Au ni yule ambaye kila akisema jambo, Mkuu wa Shule hujua kuwa halikupunguzwa wala kuzidishwa? Akiwa mtu huyo ni Muislamu, alhamdulillah. Akiwa si Muislamu, mpeni haja zenu mwone kama atazifikisha. Na ninyi mliokuja leo na si Waislamu, nawaambia maneno hayo hayo: msimnyime kura mwenye kanzu ikiwa ndoo yake hukaa mahali pake kwenye foleni.

Nawageukia dada zangu. Kwa muda mrefu katika shule zetu dada mkuu amekuwa kama pambo la kaka mkuu. Yeye hupokea wageni na maua, na mwenzake ndiye huongea. Hili si jambo jema. Bweni la wasichana likikosa maji siku mbili, hali yake si sawa na bweni la wavulana kukosa maji siku mbili, na yapo mahitaji mengine ya wasichana ambayo mimi kwa haya yangu sitayachambua hapa, lakini ninyi mnayajua, na mnajua pia kuwa kuna wasichana wanaokosa vipindi kila mwezi kwa sababu yake. Mkichagua dada mkuu anayeona aibu kulitaja jambo hilo mbele ya matroni na Mkuu wa Shule, mtakuwa hamna mjumbe. Bibi Aisha (r.a) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya zao hazikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Haya ni katika imani, na kuuliza hakuipunguzi haya.

Aidha msisahau kidato cha kwanza. Wao wana kura, ila hawana sauti, na wengi wataambiwa na wakubwa wao wampigie nani. Mgombea ambaye wakati wa kampeni amekwenda kukaa nao, akawauliza nani anawachukulia sabuni zao, huyo amekwisha kuanza kazi kabla ya kuapishwa.

Masomo nayo yatazamwe. Kidato cha nne wanakabidhi madaraka ili wajiandae na mtihani wa Novemba, na mnaowapokea mna mwaka mmoja kufikia hapo hapo. Mwenye kushindwa darasani hata kabla ya cheo msimwongezee mzigo. Ni kumdhulumu.

Siku ya Ijumaa mtaruhusiwa kuwauliza wagombea maswali. Najua mmezoea kuwauliza utatufanyia nini, na swali hilo ndilo lililonifikisha mimi juu ya benchi. Nawaombeni mwaka huu mwongeze swali jingine, mwulize kila mgombea bila kubagua: ukipeleka ombi letu na Mkuu wa Shule akasema hapana, utarudi kutuambia nini? Kisha mnyamaze mumsikilize. Atakayesema haitatokea kuambiwa hapana, mwacheni. Atakayesema tutagoma, mwacheni pia, kwa kuwa huyo hakutafuta kura bali ametafuta jeshi. Mtafuteni atakayesema: nitawaambia hapana, na nitawaambia sababu aliyoitoa, hata kama sababu hiyo sikubaliani nayo. Huenda atalisema kwa sauti ndogo na watu wasimpigie makofi.

Yule ndugu yangu wa kitanda cha juu nilikutana naye mwaka 2016, nilipokuwa nimerudi kutoka masomoni. Alikuwa stendi ya mabasi akiuza maji na karanga kwa abiria. Alinitambua yeye kwanza, akaniita kwa jina la utani la shule. Tulikaa pembeni, nikamweleza yote, yale magunia manne, daftari la madeni, na jibu ambalo sikulifikisha. Nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: mimi nilijua siku ile ile. Uliposema mkuu amekubali, ulikuwa unatazama sahani.

Nikamuuliza: sasa mbona hukusema?

Akasema: tulikuwa tunautaka wali.

Kura zenu ni Jumamosi. Zimebaki dakika chache kabla ya adhana ya Ishaa. Mwenye swali anyooshe mkono, na tuanze na kidato cha kwanza.